Mwandishi wa Vikao na Mtaro wa Bi Mwanahawa

Watu wakisikia neno kamati hufikiria chai, na siwalaumu. Nilikaa kwenye Kamati ya Ujenzi na Mazingira ya mji wetu mdogo wa Kwesongo kwa miaka kumi, na ukiniuliza leo tulifanya nini, kitu cha kwanza kinachonijia kichwani ni chai ya maziwa yenye tangawizi na maandazi mawili kwa kila mjumbe. Ajenda zinakuja baadaye, tena mpaka nijikune kichwa. Lakini ndani ya vikao vile alikuwemo mtu mmoja aliyekuwa anafanya kazi kweli, na huyo hata kura hakuwa nayo. Alikuwa mwandishi wetu wa vikao, Esteria Shemhilu. Amestaafu mwezi uliopita, na hotuba za kumuaga ziliniudhi. Walisema alikuwa mpole, mtiifu, hajawahi kuchelewa kazini. Yote ni kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyesema alichofanya, na wengine walikuwepo siku ile kama nilivyokuwepo mimi.

Kwesongo imekaa mgongoni mwa mlima, ukitoka Lushoto kuelekea Mlola. Tuna barabara moja ya maana, soko la siku mbili kwa wiki, stendi, msikiti, makanisa mawili, na nyumba zilizopangana kushuka bondeni, paa la mmoja likiwa usawa wa mlango wa mwenzake. Ukimwaga beseni la maji uani kwako, jirani wa chini anajua umeoga. Kwa hiyo kazi ya kamati yetu, ukiondoa taa ya stendi, dampo, choo cha soko na mbuzi wanaozurura, ilikuwa ni maji: yatoke wapi, yapite wapi, yamwangukie nani. Tulikuwa wajumbe sita, wenyeviti wa vitongoji, mimi Kornelio nikiwa mmoja wao. Mwenyekiti wa kamati, naye mmoja wa hao sita, alikuwa Kristian, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa haraka na wa sauti. Mtaalamu wetu alikuwa Zuberi, fundi sanifu wa ujenzi, kijana wa Tanga mjini aliyejua vipimo vyote na kuchukia matope kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Esteria alizaliwa Bungu, binti wa mwinjilisti wa Kilutheri. Baba yake alikuwa na mtindo mmoja: kila Jumapili baada ya ibada aliwakalisha watoto jikoni, mmoja mmoja arudie mahubiri. Aliyesahau alisamehewa. Aliyeongeza maneno yake mwenyewe aliambiwa akae chini, na chakula akakipata wa mwisho. Esteria alikuwa akinihadithia hayo huku anacheka, lakini nadhani ndiko alikotengenezwa. Alikuja Kwesongo akiwa msichana, mpiga chapa, enzi za mashine zile za kugonga. Kompyuta zilipofika akajifunza, ila kwenye kikao hakuacha kuandika kwa mkono, kwenye kaunta buku lenye jalada jeusi, kwa mwandiko uliosimama wima mstari hadi mstari.

Na aliandika kilichosemwa. Siyo ulichokusudia kusema, siyo ambacho ungependa uonekane umesema. Mara moja Kristian alimwita mjumbe mwenzake pumbavu juu ya habari ya dampo, wakasuluhishana palepale, tukacheka, yakaisha. Kwenye kikao cha robo mwaka iliyofuata Esteria akasimama kusoma muhtasari kwa ile sauti yake ya kwaya, na katikati tukasikia: "Mwenyekiti alimwita mjumbe pumbavu. Mjumbe alikubali kusamehe." Kristian akasema lifutwe. Esteria akajibu kwa adabu kwamba kikao kikiazimia kulifuta, ataandika kuwa liliazimiwa kufutwa neno pumbavu. Tukaliacha.

Sasa niwaeleze habari ya Bi Mwanahawa, na hapa sitajitoa, kwa sababu anaishi kitongoji changu.

Tulipochonga upya barabara ya juu, maji ya soko yaliwekewa kalavati, bomba kubwa la zege linalopita chini ya barabara na kutokea upande wa bondeni. Aliyelielekeza mdomo hakufikiri sana. Lilitazama moja kwa moja kwenye mteremko wa Bi Mwanahawa, mjane wa miaka sitini na kitu, anayelima karoti na kabichi na kuziuza mwenyewe sokoni. Nyumba yake ni ya miti na udongo, bati juu, anaishi na mkwe wake Sabra, ambaye mume wake yuko Dar anatafuta maisha. Bi Mwanahawa aliandika barua. Aliomba mtaro wa hatua kama arobaini tu, uyashike maji yakitoka kwenye bomba na kuyapeleka kwa ubavu mpaka korongoni. Ombi la haki kabisa, likaingia kwenye orodha yetu.

Utaratibu tuliojiwekea ulikuwa huu: ombi likiingia, kamati inakwenda kuona. Inakagua, mtaalamu anatoa maoni, mwandishi anaandika. Ombi likikaguliwa mara tatu bila tatizo kuonekana, linafungwa, na likifungwa halirudi mezani kwa miaka mitano. Si utaratibu mbaya. Kasoro yake ni kwamba ziara zetu zilikuwa za Januari na Agosti, wakati wa ukavu, kwa sababu gari la kukodi halikubali kushuka bondeni kwenye utelezi, na wajumbe nao hawakubali kushuka bila gari. Yaani tulikuwa tunakwenda kukagua mitaro ya mvua huku tumefunika pua kwa vumbi. Miaka yote hiyo, na hakuna aliyeona kichekesho.

Na upande wa pili kulikuwa na Bi Mwanahawa mwenyewe na heshima zake. Barua ya ziara ilimfikia wiki moja kabla, kama inavyotakiwa, ikipelekwa na Esteria kwa mkono. Mtu akiambiwa wakubwa saba wanakuja kwake, kwetu huku anafanya nini? Anaandaa. Bi Mwanahawa alikandika upya ukuta wa nyuma. Alisawazisha uwanja pale maji yalipouchimba, akafagia mpaka mistari ya ufagio ikaonekana, akaazima viti kwa majirani. Tulipofika tukakuta nyumba inang'aa, magimbi yanafuka moshi kwenye sinia, chai iko tayari. Kristian akamuuliza, "Habari za hapa, mama, hali ikoje?" Naye akajibu kama mtu aliyelelewa: "Alhamdulillahi, hatujambo, tunashukuru." Mgeni hajakaa kitini utaanzaje kumlilia? Tukala magimbi. Zuberi akatazama mdomo wa bomba, mkavu kabisa, akasema haoni athari. Esteria akaandika: "Mwenye nyumba, alipoulizwa hali, alisema hawajambo."

Ziara ya pili ikawa hivyo hivyo, ila tulipewa na maziwa ya mgando. Kwenye kikao Zuberi akasoma ile sentensi ya muhtasari kwa sauti na kuuliza, kama mwenye nyumba mwenyewe hajambo, sisi tunatafuta nini? Nilikuwepo, na mimi ndiye mwenyekiti wa kitongoji chake. Nilikuwa nasikiasikia kwamba kwake mvua zinamsumbua. Nyumba yangu iko upande wa pili wa mlima, sikuwahi kwenda kuangalia, na mtu akitulia usipomchokoza unajiambia ametulia. Nilisema neno moja tu, kwamba mama yule ni mtu safi sana. Likaandikwa.

Miaka minne iliyopita, kwenye kikao cha mwisho wa Machi, Kristian alitaka orodha isafishwe kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Mtaro wa Bi Mwanahawa ulikuwa umebakiza ziara moja ufungwe. Akasema tusisubiri Agosti, twende Aprili, mvua ikipungua, tumalize. Mwandishi apange tarehe. Esteria akapanga Alhamisi moja ambayo kwa hali ya siku zile ilionekana ingekuwa na jua, akachapa barua, akagonga mhuri, na Jumatatu ya wiki hiyohiyo, siku tatu tu kabla kwa kuwa muda ulibana, akashuka nayo bondeni.

Haya ya Jumatatu aliniambia mwenyewe baadaye. Mvua ilirudi akiwa njiani, ikamkuta kwenye kona ya mzeituni wa Wakatoliki, na alipofika kwa Bi Mwanahawa hakuuona uwanja. Bomba lilikuwa linatapika maji ya soko yote, mekundu, yenye majani ya kabichi na mifuko ya plastiki, yanateremka moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma na kuingilia chini. Bi Mwanahawa alikuwa ndani, amefunga kanga kiunoni, anakwangua tope sakafuni kwa jembe. Sabra anabeba ndoo, anamwaga nje, anarudi.

Yule mama alipomwona akakimbilia mlangoni, akasimama kuuziba.

"Usiingie, mwanangu. Nyumba chafu."

Esteria akamwamkia shikamoo, akaitikiwa. Akauliza kama hivi ndivyo inavyokuwa kila mvua. Bi Mwanahawa akasema mvua kubwa tu, na kwamba wamezoea. Kisha akauliza, "Wale waghoshi, wazee wa kamati, wanakuja lini tena? Niambie mapema, nipate kuweka sawa. Siwezi kuwapokea wakubwa kwenye tope."

Barua ilikuwa mkobani. Esteria aliniambia alikuwa ameshaingiza mkono, ameishika, na hapohapo akaelewa kitu ambacho kwa ziara mbili kilikuwa mbele ya macho yake na yetu sote. Barua ndiyo iliyokuwa inaificha shida. Kila alipoipeleka, mama yule alikuwa anatumia siku saba na nguvu zake zote kufuta ushahidi wake mwenyewe, kisha Esteria anakuja nyuma na kuandika kwamba ushahidi haupo.

"Bado sijajua, mama," akamwambia. Uongo wa kwanza wa kazi yake, na aliponiambia alikuwa bado anaona haya. Akarudi mlimani na barua yake.

Siku mbili zile hakulala vizuri. Msidhani ni jambo dogo. Kwa mtu aliyelelewa kama Esteria, kuwapeleka wanaume saba kwenye nyumba ya mjane bila taarifa, wamkute na kanga ya kazi na miguu ya tope, ni kumvua nguo. Na upande wa pili ombi likifungwa, mama yule anabaki na lile bomba miaka mitano mingine, kama nyumba yenyewe ingefika huko. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Angemuuliza Kristian, Kristian angesema peleka barua. Angeniuliza mimi, sijui ningesema nini, na bora hakuniuliza.

Alhamisi tulikusanyika ofisini saa tatu asubuhi na mvua inapiga bati hatusikilizani. Dereva akapiga simu kwamba hashuki. Wajumbe wakaanza kutazama chupa ya chai. Kristian akasema tuahirishe. Zuberi akakumbusha kwamba tukiahirisha, ombi linabaki wazi mpaka mwaka ujao wa fedha, na kwani kuna kipya gani cha kuona? Hali ya pale inajulikana, iko kwenye muhtasari mara mbili.

"Sawasawa," Kristian akasema. "Tusijisumbue. Mwandishi, andika: kamati ilifika eneo la tukio, haikuona athari, imeazimia kulifunga ombi."

Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi pia kichwa changu kilitikisika, sitaficha.

Esteria akaweka kalamu chini.

"Mwenyekiti, siwezi kuandika kamati ilifika. Kamati haijafika."

Kwa miaka ishirini na sita mwanamke yule alikuwa hajasema kitu kwenye kikao isipokuwa kusoma aliyoyaandika na kuyatetea. Kristian akacheka, kicheko cha mtu asiyejua kama ametaniwa, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Janeth, ni lugha ya kawaida tu hiyo. Sisi si tunapajua?"

"Mimi naandika kilichotokea, Mwenyekiti. Ni dakika ishirini kwa miguu. Natangulia." Akavaa buti za mvua alizozificha nyuma ya kabati, akafunga kaunta buku kwenye mfuko wa nailoni, akachukua mwavuli. Mlangoni akageuka. "Nitakayemkuta kule ndiye nitakayemwandika kuwa alihudhuria. Asiyefika nitaandika hakufika, na sababu nitaandika mvua."

Akatoka. Tukatazamana. Muhtasari ule husomwa mbele ya mkutano wa mamlaka ya mji mzima, na uchaguzi wa vitongoji ulikuwa mbele yetu. Niseme ni dhamiri iliyotuinua? Hapana, ilikuwa aibu, na aibu nayo inafaa siku nyingine.

Sitasahau ule msafara. Kristian alikuwa na viatu vyake vya ngozi vya kikao, akavivisha mifuko ya plastiki, ya kwanza ikachanika kabla hatujapita kanisa. Zuberi alianguka mara mbili. Mara ya tatu alishuka kwa makalio mita kadhaa, akasimama, na hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa akina mama waliokuwa wamejikinga kwenye kibanda cha viazi, na wao walicheka kwa niaba yetu wote. Mbele kabisa mwavuli wa Esteria unakwenda, haugeuki.

Tulipoteremka chini ya barabara tukalisikia bomba kabla ya kuliona.

Bi Mwanahawa alikuwa nje katikati ya mkondo, maji yanampita magotini, anapigana nayo kwa jembe ili ayageuze yasiende ukutani. Anachimba, yanafukia. Anachimba tena. Sabra yuko mlangoni na ndoo. Ukuta wa nyuma, ule tuliousifu kwa kukandikwa vizuri, ulikuwa umevimba kuelekea nje, miti inaonekana.

Akatuona. Jembe likamtoka mkononi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuteremsha kanga kufunika miguu, ikaingia majini. Kisha akakimbilia ndani, akatoka na kigoda, akatafuta pa kukiweka. Hapakuwa na mahali. Alikiweka, kikaanza kuelea. Akakishika, akasimama nacho kifuani.

"Waghoshi," akasema, "mbona hamkusema?"

Akaanza kulia. Hakuwa analilia nyumba. Alilia kwa sababu wageni wamefika na hana pa kuwaketisha, na mimi niliyekula magimbi yake mara mbili nilitamani ardhi ipasuke.

Esteria akasogea, akamwamkia shikamoo. Bi Mwanahawa akamtazama, na hakuitikia. Mtu wa huku anajua uzito wa jambo hilo. Nimekaa misibani na kwenye kesi za mipaka ya mashamba, nimeona watu wameshikana mashati, na bado shikamoo ikitolewa huitikiwa.

Aliyetangulia kufanya kitu ni Zuberi, nami nampa haki yake. Alivua koti, akamkabidhi mwenzake, akaingia majini na suruali yake ya kitambaa mpaka kwenye ukuta. Akausukuma kwa kiganja taratibu. Akachukua fito, akaichomeka chini ya msingi, ikaingia yote. Alirudi uso umebadilika.

"Mwenyekiti, ukuta huu haumalizi masika. Ukianguka, unaangukia ndani."

Kristian alikuwa amesimama na mifuko yake iliyochanika, anatazama mdomo wa bomba. Ni yeye aliyeuza lile bomba, hilo nalo lilikuwa linajulikana. Halafu akasema, "Mwandishi, andika."

"Niandike nini, Mwenyekiti?"

"Unachokiona."

Nikamshikia Esteria mwavuli. Wino ulichuruzika, akatafuta penseli mkobani, akaandika ukurasa mzima amesimama. Kwenye mistari ya mwisho akaandika kitu ambacho hakuna aliyekisema: kwamba mwenye nyumba hakupewa taarifa ya ziara, na kosa hilo ni la mwandishi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko kawaida yetu. Jumamosi tuliitisha msaragambo, kazi ya kujitolea ya mji mzima. Walikuja watu wengi na majembe, Waislamu na Walutheri, hata wale akina mama wa viazi, nao hawakuacha kumuuliza Zuberi kama makalio yamepona. Zuberi akataka mtaro ushuke moja kwa moja kama alivyofundishwa. Wazee wakamwonyesha namna maji ya huku yanavyobembelezwa kwa ubavu, mteremko mdogo mdogo, yasipate hasira. Akapima, akakubali, akasema ni kweli. Tukachimba siku ile ile mpaka korongoni. Mwezi wa Juni ukajengewa kwa mawe na saruji, mdomo wa bomba ukageuzwa, na Kristian alikuja mwenyewe kubeba mawe, kimyakimya, hakupiga picha. Ukuta wa nyuma tulimkandikia upya, safari hii kwa sababu ulihitaji. Na utaratibu wa ziara ukabadilishwa: mitaro yote ikaguliwe wakati wa mvua, mjumbe ajitafutie buti.

Mtu angesema Esteria alikuwa na kila sababu ya kufurahi. Hakufurahi. Bi Mwanahawa hakumsemesha kiangazi chote. Alimpelekea sukari na majani ya chai kuomba radhi, vikapokelewa na Sabra. Siku za soko alikwenda kununua karoti kwake, akauziwa, akapewa kamili, na hakuulizwa hata habari za watoto. Nilimwambia asijitese, mtaro si umejengwa?

"Umejengwa," akaniambia. "Lakini nilimwaibisha mbele ya wanaume saba, kaka Kornelio, na nilimdanganya mlangoni kwake. Mtaro haulipi hilo."

Nikamwambia ningekuwa mimi ningekwisha msahau. Akanijibu kwamba ndiyo, mimi ningesahau, na sikupenda alivyolisema.

Ikafika Novemba, vuli ikaanza, na hapo ndipo mtihani wa kweli ulipokuwa, kwa sababu mtaro uliojengwa kiangazi hata mbuzi anaweza kuusifu. Wiki ya pili, mchana wa saa nane, mvua ilishuka kwa kishindo. Nilikuwa stendi. Nikamwona Esteria anapita na buti na mwavuli, anatembea kama anayechelewa ibada, nami nikamfuata. Najua alichokuwa anawaza kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza hicho hicho: tumemwaibisha, halafu tukute hata mtaro umepasuka.

Haukupasuka. Maji yalitoka kwenye bomba kwa fujo zao zile zile, yakaingia kwenye mawe, yakapinda, yakaenda zao kwa ubavu wa mlima mpaka korongoni. Uwanja ulikuwa umelowa kama uwanja wowote unaonyeshewa. Karoti zimesimama kwenye matuta. Sabra alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo.

"Karibuni," akasema kwa sauti ndogo.

Esteria akabaki nje ya baraza, mvua inampiga begani. "Mama yuko wapi?"

"Yupo ndani. Amelala."

"Anaumwa?"

"Haumwi." Sabra akatabasamu, akatazama mlango, akazidi kushusha sauti. "Mvua ilipoanza alitoka akautazama mtaro, akautazama sana. Kisha akaingia akajifunika blanketi, yeye ambaye mvua kubwa ikinyesha hajawahi kulala tangu bomba lile liwekwe. Alisema yule mwandishi atakuja kukagua, namfahamu, hakai ofisini na mvua hii. Akija mpe chai, na mwambie aandike kwamba nimelala."

Esteria akapanda barazani, akakaa kwenye kigoda, akafungua mkoba. Alitoa kaunta buku kwenye mfuko wake wa nailoni, akatafuta ukurasa, akaandika tarehe na saa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, alikuwa na kazi. Nikachungulia begani kwake. Mwandiko wake ulikuwa umesimama wima kama siku zote: mvua kubwa inanyesha, na mwenye nyumba amelala.